Karatasi Hazitembei

Nyumbani kwa Godelieve, huko Norsborg, pembezoni mwa jiji la Stockholm nchini Uswidi, kulikuwa na sanduku la bati la rangi ya kijani. Lilikaa juu ya kabati la chumbani. Lilifungwa kwa kufuli kubwa, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa mume wake, Révérien, pamoja na msalaba. Révérien alioga nao. Alilala nao. Aliendesha nao basi la abiria kutwa nzima.

Ndani ya sanduku mlikuwa na pasipoti za familia, kadi za ukaazi, vyeti vya kuzaliwa na cheti cha ndoa. Mlikuwa pia na cheti cha chanjo cha paka aliyekufa zamani. Kwa Révérien, karatasi ni karatasi.

"Karatasi hazitembei," alipenda kusema. "Karatasi zinakaa. Watu ndio wanaotembea."

Alikuwa na sababu. Alipokuwa na miaka tisa, familia yao ya Warundi iliishi katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Siku moja mama yake alikwenda mtoni na kadi ya posho ikiwa imefungwa kwenye pindo la kanga. Kanga ililowa, fundo likalegea, kadi ikaenda na maji. Kwa wiki mbili walikula walichopewa na majirani. Révérien hakusahau njaa ile.

Godelieve aliijua hadithi hiyo. Alimhurumia sana yule mtoto wa miaka tisa. Lakini mtoto yule sasa alikuwa na miaka hamsini na mvi kichwani, na bado aliifungia familia nzima sandukuni.

Mwezi wa sita, nyumba ilijaa shughuli za harusi. Raïssa alikuwa anaolewa. Raïssa alikuwa binti wa Jimmy, kaka yake Godelieve. Jimmy alifariki miaka minane iliyopita katika hospitali ya Flemingsberg. Siku zake za mwisho alimshika dada yake mkono akamwambia, "Binti yangu akiolewa, utamtoa wewe."

Godelieve alielewa, akaahidi. Kwao, siku ya kukabidhi binti, bibi harusi hukaa chumba cha ndani. Wageni hawamwoni. Msemaji wa familia huita, "Shangazi yuko wapi?" Shangazi huitika kutoka ndani, kisha humshika binti mkono na kumtoa mbele ya watu. Si mama, si dada, si jirani. Ni shangazi, dada wa baba.

Bwana harusi aliitwa Gaël, naye aliishi Copenhagen, nchi ya Denmark. Ukumbi ulikodiwa Spånga, upande wa pili wa jiji, kwa siku ya Jumamosi, na sherehe ingekuwa kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili. Nguo ya bibi harusi ilishonwa na Concessa, fundi wa Kirundi anayesifika. Concessa naye aliishi Copenhagen. Gaël na wazee wake wangeweza kuja nayo, lakini upande wa bwana harusi hauruhusiwi kuiona nguo kabla ya siku. Ilibidi shangazi aifuate mwenyewe.

Alhamisi asubuhi, wakati wa chai, Godelieve alimwambia mumewe, "Baba Ghislaine, nipe pasipoti yangu na kadi yangu ya ukaazi. Kesho naenda Copenhagen kuchukua nguo."

"Za nini?" Révérien aliuliza.

"Si nchi nyingine ile?"

"Nchi nyingine jina tu. Mpaka uko wazi. Mimi nimekwenda na watu wa kanisa mara nne. Nani aliniuliza kitu? Hata mbwa hakunibwekea."

Ghislaine, binti yao wa miaka kumi na saba, aliinua macho kutoka kwenye simu. Alijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake. "Pappa, ge henne passet."

"Hata wewe unataka nimpe pasipoti?" Révérien alicheka. "Ikipotea njiani utaileta wewe? Mama Ghislaine, una kitambulisho chako cha hapa Uswidi. Kina picha, kina jina. Kinatosha. Karatasi hazitembei."

Godelieve angeweza kubishana. Hakubishana. Alikuwa na sufuria nne jikoni na wageni sitini wa kulisha. Aliacha.

Ijumaa asubuhi, kwenye lifti, alikutana na jirani yake Akeyo. Akeyo alikuwa Mkenya wa ghorofa ya sita. Alikuja Uswidi kusoma, akaolewa, na sasa alikuwa konda wa treni za mbali. Alikuwa amevaa sare yake, na mkononi alishika kikombe cha kahawa.

"Mama Ghislaine, na hiyo sanduku unaenda wapi?"

"Copenhagen. Narudi kesho na nguo ya Raïssa."

"Umebeba pasipoti?"

Godelieve akamwonyesha kitambulisho chake. Akeyo alikunja uso.

"Hiyo haitoshi kabisa. Rudi juu uchukue pasipoti na kadi ya ukaazi. Mimi nawaona watu wakishushwa kila wiki."

Rudi juu! Révérien alikuwa ameshaondoka na basi lake tangu saa kumi na moja, na ufunguo shingoni. Lakini Godelieve hakutaka kusema hivyo mbele ya jirani. Aliona aibu kusema kwamba yeye, mama mzima, hana ruhusa ya kushika pasipoti yake mwenyewe.

"Mume wangu amekwenda mara nne," alisema. "Anajua."

"Haya," Akeyo alisema. "Safari njema."

Na safari ilikuwa njema. Treni ilivuka daraja refu juu ya bahari, ikaingia Denmark, na hakuna aliyeuliza neno. Godelieve alimtumia mumewe ujumbe wa sauti. "Ulisema kweli. Hata mbwa hakubweka." Akacheka peke yake. Jioni alikula ugali kwa Concessa, akaijaribu nguo kwa macho, akaifunga vizuri ndani ya sanduku lake la safari.

Jumamosi alipanda treni ya saa moja asubuhi. Angefika Stockholm saa sita na nusu. Angeoga, angevaa, na saa nane angekuwa ukumbini.

Treni ilivuka daraja na kusimama kituo cha kwanza upande wa Uswidi. Milango haikufunguliwa. Sauti ikatangaza kwamba kuna ukaguzi, na kila abiria aandae hati zake. Askari polisi wakaingia, wawili wawili.

Aliyeketi kando ya Godelieve alikuwa bibi mmoja mwenye mbwa mdogo. Alitoa pasipoti. Askari akaitazama kidogo, akamrudishia. Kijana wa mbele akatoa ya kwake. Akarudishiwa. Kisha askari akamgeukia Godelieve. Askari huyo alikuwa mwanamke kijana, nywele zake amezifunga nyuma.

Godelieve akatoa kitambulisho chake.

Askari alikigeuza mbele na nyuma. "Hiki kinaniambia unaitwa nani," alisema kwa Kiswidi. "Hakiniambii wewe ni raia wa nchi gani. Una pasipoti?"

"Iko nyumbani."

"Na kadi ya ukaazi?"

"Iko nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Stockholm. Juu ya kabati."

Alijisikia mwenyewe akilisema neno hilo, na damu ikamchemka. Juu ya kabati! Miaka kumi na moja alikuwa akiwaogesha na kuwavisha wazee wa Kiswidi kwenye nyumba ya wazee. Miaka kumi na moja alilipa kodi. Na leo anajieleza kama mtoto aliyesahau daftari la shule.

"Naomba ushuke nami," askari alisema. "Chukua na mzigo wako."

Behewa zima lilitazama. Bibi mwenye mbwa alivuta miguu yake ampishe. Godelieve alishuka na sanduku lake, na treni ikaondoka bila yeye. Ilikuwa saa mbili kasoro robo.

Walimketisha kwenye chumba chenye viti vya plastiki. Mle ndani walikuwemo watu wengine watano. Godelieve aliwatazama nyuso zao, akajitazama mikono yake, akaona wazi ni watu wa rangi gani wamejaa chumbani.

Alimpigia simu mumewe. Révérien alikuwa ukumbini Spånga akipanga viti.

"Wamenishusha!" Godelieve alisema. "Wanataka pasipoti na kadi ya ukaazi. Nenda nyumbani, fungua sanduku, nipigie picha."

"Wamekushusha? Kwa nini? Mwambie huyo askari aangalie kwenye kompyuta yao!"

"Révérien!" Hakumwita Baba Ghislaine. "Nenda nyumbani."

"Lakini karatasi kuzipiga picha, kuzituma kwenye simu, watu wanaweza kuiba..."

"Kama huendi sasa hivi, nikifika huko nitalivunja sanduku hilo kwa shoka, na wewe ukiwa umelikalia."

Révérien alikwenda. Kutoka Spånga mpaka Norsborg ni treni mbili na zaidi ya saa nzima, kutoka kaskazini mpaka mwisho wa laini nyekundu ya treni za chini ya ardhi.

Ghislaine, aliyeisikia simu hiyo ukumbini, hakumngoja baba yake. Alimpigia Akeyo na kumweleza. Baada ya dakika chache simu ya Godelieve ililia.

"Mama Ghislaine, ni mimi Akeyo. Umepigia mtu kelele?"

"Bado. Lakini nitapiga."

"Usipige. Hasira weka mfukoni, utaitumia kesho. Sasa sikiza. Waambie una kibali cha kudumu. Wape jina lako kamili na namba yako ya utambulisho, waombe waangalie kwenye rejesta. Waulize wanakuzuia kwa sheria gani. Kama wanataka kukurudisha Denmark, omba uamuzi kwa maandishi. Na andika saa waliyokushusha. Sawa?"

"Akeyo, ulinionya."

"Hayo tutaongea. Enda kwa dirisha."

Godelieve alikwenda kwenye dirisha la askari. Aliongea polepole. Askari aliandika jina na namba. Alisema wataangalia, lakini kuna foleni. Godelieve akauliza, "Kwa nini mimi?"

"Tunawauliza wote waliomo kwenye treni," askari alijibu. "Tunawashusha wasio na hati."

Jibu lilikuwa la kweli, na ndilo lililomuuma zaidi. Angependa sana kumkasirikia yule mwanamke peke yake. Ingekuwa rahisi.

Saa nne na nusu picha ilifika kwenye simu. Révérien alikuwa amepiga pasipoti ya mkewe kwenye meza ya jikoni. Chini yake aliandika, "Nisamehe. Angalia tarehe."

Godelieve akaangalia tarehe. Pasipoti ilikwisha muda mwezi wa pili. Miezi minne ilikuwa imelala sandukuni ikiwa imekufa. Révérien hupenda pia kusema kwamba akiba haiozi. Basi hii ilikuwa imeoza, na kufuli lake juu.

Alimwonyesha askari picha. Askari alitikisa kichwa. "Picha si pasipoti. Na hata ungekuwa nayo mkononi, muda wake umekwisha."

Saa tano kasoro dakika kumi waliita jina lake. Walikuwa wamekiona kibali chake kwenye rejesta. "Leo tunakuruhusu uingie," askari alisema. "Usitegemee itakuwa hivyo siku nyingine. Unaweza kukataliwa na kurudishwa ulikotoka."

Walikuwa wamemkalisha pale kwa muda wa saa tatu na dakika tano.

Ilikuwa Jumamosi ya majira ya joto, na treni zilijaa. Kiti cha karibu alichokipata kilikuwa cha saa saba mchana. Alikikalia kwa muda wa saa nne na nusu, nguo ya Raïssa magotini. Mashamba ya manjano yalipita dirishani na hakuliona hata moja. Saa nane alijua kwamba wageni wamekaa. Saa tisa alijua kwamba wanangoja. Saa kumi alizima simu. Hakutaka kujua tena.

Alifika Spånga saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Wanaume walikuwa wanabeba viti. Ghislaine alikuwa anafagia. Wazee wa Copenhagen walikuwa wameshapanda basi lao.

Raïssa alisimama mlangoni. Alikuwa amevaa kitambaa cha kuazima, kirefu kwake, kimekunjwa kiunoni kwa pini. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilimtisha Godelieve kuliko machozi.

"Shangazi," alisema, "waliita mara tatu. 'Shangazi yuko wapi?' Mara tatu. Mama mmoja wa kanisani akajitolea kunitoa. Nikakataa."

"Sasa nani alikutoa, mwanangu?"

"Nilitoka mwenyewe."

Godelieve aliliweka sanduku la safari chini. Peke yake! Binti wa Jimmy, ametoka peke yake mbele ya watu sitini, kama mtu asiye na ukoo. Wazee wa upande wa pili wameona. Watasimulia. Na neno alilompa kaka yake kitandani limelala kwenye viti vya plastiki, kituo cha kwanza upande wa Uswidi.

Révérien alikuja na mikono miwili mbele. "Mama Ghislaine, hawa polisi..."

"Usinitajie polisi!" Godelieve alipaza sauti mpaka wabeba viti wakasimama. "Polisi nitawatafuta mwenyewe. Wewe nambie, nani alinifungia jina langu kwenye bati? Mama yako alipoteza kadi moja kwenye mto. Wewe umepoteza siku ambayo haitarudi, na maji hayakuwepo!"

Révérien alikaa kwenye kiti kimoja kilichobaki. Ukumbi mzima ulimsikia akisema, kwa sauti ya chini, "Nimekosa." Godelieve hakumjibu siku ile, wala usiku ule.

Jumapili baada ya ibada, Godelieve alipanda kwenye kigoda, akalishusha sanduku la kijani, akaliweka juu ya meza ya jikoni. Kisha akamwita Akeyo. Révérien alivua ufunguo shingoni bila kuambiwa. Alipata shida kidogo kuutenganisha na msalaba.

Akeyo alizitandaza hati zote mezani.

"Mpaka uko wazi ama hauko wazi?" Révérien aliuliza. Bado ubishi haukuwa umemwisha.

"Uko wazi, Baba Ghislaine. Lakini wazi si kusema hauna mwenyewe. Serikali inaweza kurudisha ukaguzi kwa muda, na huo muda wanauongeza kila mara. Leo hawaulizi. Kesho wanauliza treni nzima. Hakuna mtu atakupigia simu kukuambia. Hata mara nne zako zilikuwa bahati tu."

"Na kitambulisho chake?"

"Kitambulisho cha Uswidi ni cha benki, cha posta, cha duka la dawa. Kinasema jina. Hata leseni yako ya udereva ni hivyo hivyo. Hazisemi uraia." Akeyo aliinua kadi ya ukaazi ya Godelieve. "Hii inasema una ruhusa ya kuishi hapa. Lakini si hati ya kusafiria. Lazima iende na pasipoti ya nchi yako, ambayo haijaisha. Moja bila nyingine haitoshi. Zinatembea pamoja, kama viatu."

"Na mimi?" aliuliza Ghislaine, safari hii kwa Kiswahili. "Mimi ni raia wa Uswidi."

"Wewe raia wa hapa hulazimiki kuwa na pasipoti ukienda Denmark, Norway ama Finland. Lakini ukiulizwa lazima uonyeshe wewe ni nani na ni raia wa wapi. Sasa utaonyesha na nini? Kadi ya basi? Beba pasipoti, usisumbuke."

"Na yule asiyeweza kupata pasipoti ya kwao?" Godelieve aliuliza. Pale chumbani kituoni alikuwa amekaa na mama kama huyo.

"Mkimbizi anaomba hati ya kusafiria kwa idara ya uhamiaji. Asiende kwa ubalozi wa nchi aliyoikimbia. Aulize kwanza, apate ushauri. Na asome kila hati yake imeandikwa hairuhusu kwenda nchi gani."

Ghislaine alikuwa ameanza kusoma tarehe za pasipoti kwa sauti. Ya mama ilikwisha mwezi wa pili. Ya baba ilikuwa imebakiza miezi miwili.

"Miwili?" Révérien aliikamata mikononi. "Si nilizitunza!"

"Uliitunza karatasi, hukuitunza tarehe," alisema Akeyo. "Anzeni kutafuta mpya leo. Zinachelewa."

Godelieve aliichukua kadi yake, akasema, "Kubeba nitabeba. Lakini hasira yangu niipeleke wapi? Saa tatu nzima, Akeyo. Kwa mtu ambaye jina lake lilikuwa kwenye kompyuta yao wakati wote!"

"Iandike. Una haki ya kuuliza kwa nini walichukua saa tatu. Una haki ya kulalamika. Una tarehe, una saa, una jina la kituo. Nitakusaidia na Kiswidi."

Waliandika siku hiyo hiyo. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Barua ilisema foleni ilikuwa ndefu na askari walifuata utaratibu. Godelieve aliisoma mara mbili, akaibandika kwenye friji. Alisema aliuliza, na wamejibu, na jibu halimridhishi, na hatajifanya linamridhisha.

Chini ya barua hiyo Révérien alibandika karatasi yake mwenyewe. Aliandika majina ya watu watatu wa nyumba, na mbele ya kila jina tarehe ya hati kuisha. Kando yake aliandika siku ya mwaka mmoja kabla ya tarehe hiyo, akaizungushia duara jekundu. Aliyasimamia maduara hayo kama alivyosimamia ratiba ya basi. Pasipoti mpya zilichukua miezi mitano kupatikana.

Kutokana na mabaki ya kitambaa cha nguo ya Raïssa, Concessa alishona vifuko vitatu vya kuvaa kifuani. Kila mtu alipewa chake, na hati zake ndani. Ndani ya sanduku la kijani zilibaki nakala, vyeti, na chanjo ya paka. Kufuli liliondolewa.

Mwaka na nusu ukapita. Raïssa alijifungua mtoto wa kike huko Copenhagen. Alisema mtoto atatolewa nje mbele ya ukoo, kama desturi, na atatolewa Spånga, ukumbi ule ule. Godelieve na Révérien wakaenda kuwaleta.

Kabla ya kuondoka nyumbani kwa Concessa, walikokutana wote, Révérien alisimama mlangoni akazuia njia. "Vifuko," alisema. Godelieve akapapasa kifua. Raïssa akaonyesha pasipoti yake ya Uswidi.

"Na mtoto?"

"Baba, ana wiki saba!" alisema Raïssa.

"Nauliza, na mtoto? Kama ana pua ana pasipoti."

Raïssa akacheka, akatoa pasipoti ndogo kutoka kwenye mfuko wa nepi. Ndani yake mlikuwa na picha ya mtoto amefumba jicho moja. Révérien aliisoma tarehe, akaridhika, akaachia mlango.

Treni ilivuka daraja. Kituo cha kwanza, milango haikufunguliwa. Askari wakaingia, wawili wawili. Hasira ya Godelieve ikaamka vilevile. Hasira ile haikuhitaji pasipoti.

Alitoa mbili zake, pasipoti na kadi. Askari alizitazama, akatazama uso wake, akazirudisha. Akaangalia za Révérien, ya Raïssa, ya mtoto. Dakika moja, labda na nusu.

Alipotaka kuendelea, Godelieve alimzuia kwa swali. "Samahani. Ukaguzi huu ni mpaka lini?"

Askari alisita. "Wameuongeza tena."

"Basi nitauliza tena," Godelieve alisema.

Viti viwili mbele yao, kijana mmoja alikuwa anapekua mfuko wake, jasho likimtoka. Mkononi alikuwa na leseni ya udereva. Kabla treni haijaondoka, wakati askari wanamshusha, Révérien aliinuka. Aliongea naye haraka kwenye mlango wa behewa. "Omba waangalie kwenye rejesta. Uliza ni sheria gani. Wakikurudisha, omba maandishi. Andika saa." Kijana aliitikia kwa kichwa, akashuka. Révérien alirudi kukaa.

Walifika Stockholm saa sita na nusu. Walioga. Walivaa. Raïssa alivaa ile nguo ya Concessa ambayo haikuvaliwa siku yake.

Saa nane mchana, Spånga, watu walikaa. Wazee wa Copenhagen walikaa mstari wa mbele, wale wale. Godelieve alisimama chumba cha ndani, mtoto mikononi, Raïssa kando yake. Kwa mtoto huyu alikuwa bibi sasa. Lakini nje, msemaji wa familia hakuita bibi. Aliita kama ilivyopaswa kuitwa tangu ile Jumamosi.

"Shangazi yuko wapi?"

Raïssa alimshika mkono.

"Nipo!" Godelieve alijibu, kwa sauti iliyofika mpaka mlango wa nje. Akasukuma pazia, akawatoa wote wawili.